Rangi ya Maji katika Tangi la Samaki: Vyanzo Vyake na Njia za Kuyarudishia Uangavu

Maji ya tangi la kioo linalofugiwa samaki wa mapambo hubadilika rangi kwa sababu kuu nne: udongo laini unaoelea, bakteria waliozaliana kupita kiasi, vijimea vya kijani viitwavyo mwani, na rangi inayotoka katika vipande vya mti na majani yaliyolowa majini. Kila sababu ina tiba yake, na tiba inayofaa kwa moja huweza kuleta madhara kwa nyingine. Kwa hiyo mfugaji anayemwaga maji yote na kujaza mapya kila aonapo uchafu huondoa dalili na kukiacha chanzo palepale, na mara nyingi huwaua samaki aliokusudia kuwaokoa.

Suala hili lina uzito wa pekee mahali kama Issenye, wilayani Serengeti, mkoani Mara, ambako tangi la samaki haliwezi kujazwa bila kwanza kujua maji yametoka wapi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati huwa na madini machache mno, lakini huja na vumbi la paa. Maji ya kisima kirefu kwa kawaida huwa maangavu, lakini hubeba chumvi za ardhini. Maji ya lambo na ya vijito vinavyoteremka kuelekea Mto Grumeti hugeuka ya kahawia wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli mwishoni mwa mwaka. Hata mjini Mugumu, makao makuu ya wilaya, ambako Bwawa la Manchira ni chanzo muhimu cha maji, kinachofika ndooni kina uhusiano wa moja kwa moja na hali ya ardhi ambamo maji hayo yamepita.

Fundisho la tangi la Warington

Ufugaji wa samaki katika kioo kwa misingi ya kisayansi ulianza na tatizo hilihili la maji kuchafuka. Kati ya mwaka 1849 na 1850, mkemia Mwingereza Robert Warington, aliyefanya kazi katika Apothecaries' Hall jijini London, aliweka samaki wawili wa dhahabu ndani ya tangi pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria, jamii ambayo huota pia katika Ziwa Tanganyika. Alitarajia kwamba mmea ungewapa samaki oksijeni na kutumia hewa ya kaboni waliyoitoa, na hivyo pande zote mbili zingeishi bila maji kubadilishwa. Haukupita muda mrefu majani yaliyokufa yakaanza kuoza, maji yakaingia ukungu, na utando wa kijani ukajipaka kwenye kioo. Warington hakuyamwaga maji yale, bali aliingiza konokono, ambao walikula majani yaliyooza pamoja na utando wenyewe, na maji yakarudi kuwa maangavu; matokeo hayo aliyawasilisha mbele ya Chama cha Kemia cha London mwaka 1850.

Fundisho lake ni kwamba uangavu wa maji hutokana na mnyororo uliokamilika, yaani kila kinachotoa taka ndani ya tangi kiwe na kinachoitumia taka hiyo. Kiungo ambacho Warington hakuweza kukiona kwa macho kilikuja kubainishwa karibu na mwaka 1890, pale mtaalamu wa vijidudu kutoka Urusi, Sergei Winogradsky, alipowatenga bakteria wanaopata nishati yao kwa kuibadilisha amonia. Amonia ni sumu inayotokana na mkojo, kinyesi na mabaki ya chakula cha samaki. Kundi moja la vijidudu huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi na mimea huitumia kama mbolea. Mwaka 1998 mtafiti Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi hatua ya pili hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira, tofauti na ilivyodhaniwa kwa miaka mingi.

Mambo mawili kuhusu vijidudu hawa yanapaswa kukaa akilini mwa kila mfugaji. La kwanza ni kwamba wanakua polepole, kiasi kwamba tangi jipya huhitaji takriban wiki nne hadi sita kabla ya kazi yao kutosheleza mahitaji ya samaki. La pili ni kwamba wengi wao hawaelei majini, bali hujishikiza kwenye changarawe, kioo, majani na hasa ndani ya vitundu vya sponji ya chujio. Ndiyo sababu kubadilisha sehemu ya maji hakuwadhuru sana, ilhali kuifua sponji kwa maji ya bomba yenye klorini huwaangamiza kwa mara moja, na siku chache baadaye maji huanza kuchafuka kwa kasi kuliko kabla ya usafi huo.

Kuisoma rangi kabla ya kutibu

Kipimo cha kwanza hakihitaji gharama yoyote. Mfugaji huchota maji ya tangi katika chupa au bilauri isiyo na rangi, huiweka mbele ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga wa mchana, na kuitazama. Kisha huiacha itulie hadi asubuhi na kuitazama tena. Ikiwa tabaka la kahawia au kijivu limetuama chini na maji ya juu yametakata, uchafu huo ni udongo au mabaki yaliyotibuliwa. Ikiwa maji yamebaki na weupe kama maji yaliyooshewa mchele, bila chochote kutuama, wingi wa bakteria ndio unaoshukiwa kwanza. Ikiwa karatasi inaonekana ya kijani kupitia majini, mwani ndio uliotawala; na ikiwa maji yana rangi ya hudhurungi lakini yanapenyeka vizuri kwa macho, bila ukungu wowote, rangi hiyo imetoka kwenye mti au majani.

Udongo ndio chanzo kinachoeleweka kwa urahisi zaidi, lakini hausafishiki wote kwa urahisi. Mchanga hutuama kwa sekunde chache, ilhali chembe ya mfinyanzi yenye kipenyo cha maikromita mbili, yaani sehemu mbili za elfu za milimita, huhitaji takriban saa nane kushuka sentimita 10 katika maji tulivu, na kwa hiyo huchukua kama siku nzima kufika chini ya ndoo yenye kina cha sentimita 30. Chembe ndogo kuliko hizo, ziitwazo koloidi, huweza kuelea kwa wiki nyingi, kwa kuwa nyuso zake zina chaji hasi ya umeme inayozifanya zisukumane badala ya kushikamana na kuwa nzito.

Wakazi wengi wa vijijini wanaifahamu shabu, chumvi ya aluminiamu inayozungushwa ndani ya ndoo ili maji ya kunywa yatakate. Chumvi hiyo huipunguza chaji hasi, chembe zikaungana na kuzama. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi ya namna hiyo kwa protini zake zenye chaji chanya, na nchini Sudan matumizi yake miongoni mwa wanawake wa kando ya Mto Nile yalichunguzwa kwa kina na mtafiti Samia Al Azharia Jahn kuanzia miaka ya 1970. Hata hivyo, hakuna kati ya viwili hivyo kinachofaa kutiwa moja kwa moja katika tangi lenye samaki: shabu huongeza asidi, hasa katika maji ya mvua yasiyo na madini ya kuizuia, na aluminiamu iliyoyeyuka katika maji yenye asidi hudhuru matamvua, ambayo ndiyo viungo vya samaki vya kupumulia; mlonge nao huacha majini mabaki ya mimea yanayowalisha bakteria. Kwa ajili ya samaki, njia salama ni kuyatuamisha maji katika ndoo au pipa kwa siku moja au mbili, kuyamimina taratibu bila kulitibua tope la chini, na kuyapitisha katika mchanga uliooshwa vizuri au kitambaa kizito kabla ya kuyaingiza tangini. Changarawe mpya nayo ioshwe ndani ya karai hadi maji yake yatoke yakiwa safi, kwa maana ukungu mwingi wa siku ya kwanza hutoka humo.

Weupe wa maji na upungufu wa oksijeni

Weupe unaosababishwa na bakteria ndio unaowahangaisha zaidi wafugaji wapya, kwa kuwa hujitokeza siku chache tu baada ya tangi kujazwa maji yaliyokuwa maangavu kabisa. Bakteria hawa si wale wanaobadilisha amonia, bali ni walaji wa uozo, ambao wakipata chakula cha kutosha huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa moja, wakati wenzao wa amonia huhitaji takriban siku nzima. Chakula kilichozidi, samaki aliyekufa na kusahaulika nyuma ya jiwe, au jani linalooza huwapa karamu, nao katika kula kwao hutumia oksijeni ileile ambayo samaki wanaitegemea. Kwa sababu hiyo hatari kubwa ya maji meupe si rangi yenyewe, bali ni kukosa pumzi, na dalili yake ni samaki kupanda juu na kugugumia hewa kwenye uso wa maji.

Mkoa wa Mara umeshuhudia kanuni hiyo katika kipimo kikubwa mno. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi na samaki wakafa, na serikali ikawataka wananchi wasiyatumie maji hayo. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilihusisha tukio hilo na kuoza kwa mimea pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo, mambo yaliyoimaliza oksijeni, ingawa maelezo hayo yalipingwa na wengi na kuzua mjadala mkali. Miaka minne kabla yake, mwaka 2018, Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walikuwa wamechapisha katika jarida la Nature Communications utafiti wao wa mto huohuo upande wa Kenya. Walionyesha kwamba viboko zaidi ya 4,000 huingiza mtoni takriban kilo 8,500 za mabaki ya mimea kila siku, na kwamba madimbwi yao hupoteza oksijeni wakati wa kiangazi, hivi kwamba maji ya mto yanapopanda ghafla hulisukuma tope la madimbwi hayo kuelekea mkondo wa chini na kuwaua samaki walioko mbele.

Kilichotokea mtoni na kinachotokea tangini ni jambo moja: mzigo wa uozo umezidi uwezo wa maji wa kupokea oksijeni. Tiba, kwa hiyo, hufuata mpangilio. Kwanza huongezwa hewa kwa pampu ndogo ya hewa, au, umeme unapokatika, kwa kuyachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu mara kwa mara. Pili husimamishwa chakula kwa siku moja au mbili, jambo ambalo samaki wazima wenye afya hulimudu bila shida. Tatu huondolewa uozo wa chini kwa mpira mwembamba unaovuta maji kutoka tangini kwenda kwenye ndoo iliyo chini yake. Mpira huo hujazwa maji kwanza na kuzibwa kwa kidole gumba, wala haufai kuvutwa kwa mdomo, kwa kuwa maji ya tangi yana vijidudu. Nne hubadilishwa robo tu ya maji, kisha mfugaji husubiri. Katika tangi jipya weupe huo kwa kawaida huisha wenyewe katika muda wa siku kadhaa hadi wiki mbili, chakula cha bakteria kinapopungua.

Kijani na hudhurungi

Maji ya kijani hutokana na mwani wenye seli moja moja, ambao huhitaji vitu viwili: mwanga na virutubisho, hasa nitrati na fosfeti. Issenye iko takriban nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na tangi lililowekwa karibu na dirisha la mashariki au magharibi hupokea jua kali kwa saa nyingi. Likiongezewa chakula cha ziada, au likijazwa maji ya lambo yaliyobeba samadi na mbolea, rangi ya kijani haiepukiki. Mchana mwani huo hutoa oksijeni, lakini usiku huitumia, na ndiyo sababu samaki wa maji ya kijani hupata taabu zaidi kunako alfajiri. Tiba ni kuliondoa tangi juani, kulifunika kwa blanketi zito kwa siku tatu au nne huku pampu ya hewa ikiendelea kufanya kazi, na kisha kubadilisha theluthi moja ya maji, kwa kuwa mwani unaokufa huoza na kutoa amonia. Mimea ya majini inayokua kwa kasi ndiyo kinga ya kudumu, maana hushindana na mwani kwa virutubisho vilevile.

Madhara ya maji ya namna hiyo hayaishii kwenye macho ya mtazamaji. Katika Ziwa Victoria waliishi mamia ya spishi za furu, samaki wadogo ambao majike yao huchagua dume kwa rangi, wengine wakipendelea wekundu na wengine ubuluu. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte waliandika katika jarida la Science kwamba pale maji ya ziwa yalipopoteza uangavu kwa sababu ya virutubisho vingi, majike hawakuweza tena kuzitofautisha rangi vizuri, spishi zilizokuwa zimetengana zikaanza kuchanganyika na idadi yake kupungua. Sangara aliyeingizwa ziwani katikati ya karne ya 20 alifanya maangamizi makubwa, na ukungu wa maji uliwapunguza furu kwa njia yake wenyewe, bila kuwala.

Rangi ya hudhurungi isiyo na ukungu ni jambo jingine kabisa. Hutokana na tanini na asidi nyingine za mimea zinazochujuka kutoka katika vipande vya mti na majani makavu, na kwa samaki wengi haina madhara. Wapo wanaotoka katika mito yenye maji ya namna hiyo. Asiyeipenda anaweza kuuchemsha mti kabla ya kuuweka tangini, au kuuloweka kwa wiki kadhaa huku akibadilisha maji, na rangi iliyokwisha kuingia huondolewa kwa mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa kwa namna inayoufanya uwe na vitundu vingi visivyoonekana vinavyonasa rangi. Mkaa wa kupikia hauna uwezo huo kwa kiwango cha kutegemewa, na vumbi lake huongeza weusi.

Tahadhari za ukanda wa ziwa

Mfano wa Warington wa kutumia konokono hauwezi kuigwa bila tahadhari katika Mkoa wa Mara. Konokono wa maji baridi wa jamii za Biomphalaria na Bulinus ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa ulioenea katika ukanda wa Ziwa Victoria, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyetia mkono majini. Konokono na mimea ya kuokota katika malambo na mito haifai kuingizwa tangini, na maji ya vyanzo hivyo yanapaswa kuhifadhiwa siku mbili nzima bila konokono ndani yake, ili vimelea vilivyomo vife kwa kukosa mwenyeji. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini nayo yaachwe wazi kwenye ndoo kwa saa 24 kabla ya kutumika. Pale inapotumika kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa wazi, huhitajika dawa maalumu ya kuiondoa.

Tahadhari nyingine inahusu kinachotoka tangini. Gugumaji, lililosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, lilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba mialo na njia za wavuvi. Hivyo samaki wa kigeni na mimea ya mapambo havipaswi kamwe kuachiwa mtoni au kwenye lambo, hata pale mfugaji anapochoka kuvitunza. Maji yanayobadilishwa yana nitrati, na mahali pake panapofaa ni bustani ya mchicha.

Baada ya uangavu kurudi, kazi inayobaki ni ndogo lakini haikubali kuahirishwa: chakula kiwe kile ambacho samaki hukimaliza ndani ya dakika mbili, robo ya maji ibadilishwe kila wiki kwa maji yaliyokwisha kutuama, na sponji isuuzwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini, isisuuzwe kamwe bombani. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, chujio la nje lililofungwa lisuuzwe kwa njia hiyohiyo kabla ya kuwashwa, kwa kuwa bakteria waliomo hufa wakikosa oksijeni na uozo wao husukumwa kwa samaki kwa mara moja. Mwenye tangi anayeyashika haya hana haja ya dawa za dukani zinazoahidi kuyang'arisha maji kwa usiku mmoja, kwa maana nyingi kati ya hizo hukusanya chembe tu na hazigusi kilichozizalisha. Na kijana anayejifunza haya nyumbani au shuleni, kwa samaki wanne ndani ya kioo kidogo, anakuwa amejifunza pia kwa nini samadi, udongo wa mashamba na uozo havipaswi kuachwa viteremke bila kizuizi hadi Grumeti, Mara na Ziwa Victoria.